Mzee Kengele na Ufalme wa Vifungo

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu na za shemeji yako, ingawa zake nimemsemea mimi. U hali gani huko? Goti linakusumbua bado, au baridi ya mvua safari hii imelionea huruma? Watoto na wajukuu hawajambo? Sisi tupo, tunamshukuru Mungu kwa alichotubakishia.

Umelalamika kwamba siku hizi kwenye simu nakujibu "wazima, wazima" kama mtu anayekufukuza. Una haki. Lakini nyumba yetu unaijua, chumba na sebule, na kila ninachosema yeye anakisikia. Kiharusi hakikugusa masikio. Kiligusa ulimi, mkono na mguu wa kulia. Nitasemaje mbele yake kwamba naogopa? Ndiyo maana nimenunua daftari hili. Nitakuandikia mchana akilala baada ya chakula, na mvua zikikata nitakutumia lote kwa mkono wa mtu. Mwandiko usinicheke, unajua shule yangu iliishia wapi.

Jumanne, 4 Machi

Mvua imeanza alfajiri, bati linapiga kelele tangu wakati wa sala. Leo umetimia mwezi wa tatu tangu tutoke hospitali. Neno lake ni lile lile moja: "kumbe." Ukimpa uji, kumbe. Ukimuuliza kama shuka limelowa, kumbe. Akicheka kumbe, akilia kumbe. Huyu ndiye mtu aliyekuwa anapanda juu ya kreti mnadani akauza kabati, kitanda na mbuzi watatu bila kumeza mate, watu wakamwita Kengele. Leo Kengele anataka chumvi mezani na hawezi kuiita.

Alhamisi, 6 Machi

Kliniki. Daktari amesema maneno niliyoyashika yote: presha iko juu, dawa zisirukwe, na asiudhiwe. "Mama, huyu mtu asikasirike. Mshipa ukipasuka mara ya pili, sikuahidi kitu." Nikaitikia ndiyo.

Chumba cha pili yupo mwalimu wa matamshi, dada mmoja mpole mwenye miwani. Yeye kasema kingine: "Mpe sababu ya kuongea. Mpe hata mchezo wa kuigiza. Wengine maneno yao yanakataa kutoka wakiwa wao, lakini wakisema kama mtu mwingine, yanatoka."

Nimerudi na ushauri wa watu wawili kwenye mkoba mmoja.

Jumatatu, 10 Machi

Binti yetu mkubwa amekuja na mchezo. Kautoa kwenye kompyuta ya kazini kwao, kaufasiri mwenyewe, kauchapa kwenye karatasi ngumu. Ni mchezo wa kuongoza ufalme. Kila mchezaji anakuwa mtu fulani na anasema kama mtu huyo. Mmoja mtawala, mmoja msemaji wa wananchi wa kawaida, mmoja mkuu wa wafanyabiashara. Inafunuliwa kadi yenye shauri, tuseme daraja limebomoka. Wananchi wanasema lao, wafanyabiashara lao, mtawala anaamua. Aliyeridhika anaongezewa alama, aliyeudhika anapunguziwa. Kila upande unaanza na alama kumi. Upande mmoja ukifika sifuri, kiti cha enzi kimeanguka na mchezo umekwisha.

Mchezo wenyewe ulikuja na dadu. Nilipoiona moyo ukasita, nikamwambia binti yangu dadu humu ndani hailali. Akacheka, "Mama, hakuna kamari hapa." Hata hivyo. Tumekata vikaratasi vya namba tukavitia kwenye mfuko, mtu anachomoa. Na alama tumetumia vifungo vya nguo, maana kwa fundi cherehani kama mimi hivyo havikosekani. Vyeupe bakuli la wananchi, vyeusi bakuli la wafanyabiashara.

Jumatano, 12 Machi

Tumecheza. Msemaji wa wananchi ni Mama Pacha wa mlango wa pili. Unamkumbuka, yule anayejua nani kanunua nyama na nani kanunua mifupa. Sikutaka kumwita, lakini nani mwingine ana nafasi mchana? Mimi wamenipa umalkia. Baba watoto ndiye mkuu wa wafanyabiashara.

Mama Pacha kakaa tu kwenye kigoda akaanza: "Malkia, sisi wananchi wako tuna kiu, na hawa matajiri wamejenga ghala juu ya njia ya kisima. Hasa huyu hapa mwenye tumbo." Baba akamwangalia. Akasema "kumbe," lakini kumbe ya hasira kidogo. Nikaogopa, nikawapa wafanyabiashara ghala lao. Nikamwongezea kifungo. Akatabasamu nusu ya mdomo.

Jumamosi, 15 Machi

Mvua. Tumecheza. Kumbe.

Jumanne, 18 Machi

Leo kasukuma kadi zote chini kwa mkono wa kushoto akageukia ukutani. Sijui nimekosea nini. Daraja nilimpa, chumvi nilimpa, soko nikampa. Bakuli lake limejaa vifungo mpaka vinamwagika, la wananchi vimebaki viwili. Nilidhani atafurahi.

Jumamosi, 22 Machi

Nilikuwa naanika nguo barazani maana nje hakuaniki. Mama Pacha akaja kuazima pini, akasimama kama kawaida yake hajaombwa kusimama.

"Jirani, nikwambie kitu hutanuna?"

"Nikinuna utaacha kusema?"

"Siachi. Wewe unampa mumeo kabla hajaomba. Sasa aongee nini, na nani? Mimi wangu nikimpa kila kitu hivyo, ataona nimeshamchimbia kaburi."

Nilinuna, dada. Nimenuna mpaka saa hii. Lakini nimekaa na cherehani yangu nikafikiri, nikaona kweli. Miezi mitatu humu ndani hakuna aliyembishia yule mtu. Hata binti yake akija anasema "ndiyo baba" kabla ya swali. Yeye kazi yake maisha yote ilikuwa kubishana na watu kwa kelele, na sisi tumemzungushia pamba.

Ila daktari alisema asiudhiwe. Sasa hapo nisimame wapi?

Jumatatu, 24 Machi

Nimesali kwanza. Kisha nimemkatalia.

Kadi ilikuwa ya chumvi. Mama Pacha akadai chumvi iuzwe kwa bei ya watu wa chini. Nikasema, "Malkia amesikia. Wananchi wapewe." Nikachomoa kifungo cheusi kwenye bakuli lake.

Akakiangalia kifungo. Akaniangalia mimi. Mdomo ukahangaika, shingo ikakaza, kisha: "Hapana."

Mama Pacha akaweka mkono mdomoni. Mimi nikajifanya malkia asiyesikia vizuri. "Mkuu wa wafanyabiashara anasemaje?"

"Hapana. Chumvi... yetu."

Maneno matatu, dada. Nimekwenda jikoni nikashika ukuta nikalia, kisha nikarudi nikamnyima na la kadi iliyofuata.

Jumamosi, 29 Machi

"Njia yetu." "Nani kasema." "Mwongo huyu." Hilo la mwisho kaambiwa Mama Pacha, naye kafurahi kama kapewa zawadi. "Nimetukanwa na Kengele mwenyewe," anatangaza mtaa mzima.

Nje ya mchezo bado ni kumbe. Nikimuuliza kama anataka chai, kumbe. Nikimwambia "Malkia anauliza kama wafanyabiashara wanataka chai," anasema, "Mbili. Sukari."

Alhamisi, 3 Aprili

Bonde la chini ya mtaa limejaa maji, gari hazipiti.

Nina siri, na nakwambia wewe peke yako. Mashine ya presha aliyotuletea shemeji, mdogo wake baba, nimeanza kuitumia baada ya mchezo. Kabla ya kucheza, mia na hamsini. Leo baada ya kubishana shauri la kisima, mia na sabini na tano. Kuna mshipa kwenye paji la uso wake upande wa kushoto. Akitafuta neno unasimama kama uzi uliovutwa. Mimi siku hizi siangalii mdomo wake, naangalia mshipa. Neno likitoka nafurahi, mshipa ukisimama nafa. Vyote vinatokea pamoja.

Kwa hiyo naendesha ufalme hivi: nikiona mshipa, nawapa wafanyabiashara kidogo, atulie. Nikiona amenyamaza, nawapa wananchi, aamke. Wao wanadhani nahukumu chumvi na madaraja.

Kwenye daftari la kliniki nimeandika ile namba ya kabla tu.

Jumamosi, 5 Aprili

Shemeji amekuja na buti za mvua, kakaa kiti cha mlangoni kama askari. Katukuta mezani. Kaka yake akamwonyesha kadi, akamwambia, "Kaa. Mwananchi." Ningedhani ataruka kwa furaha. Akaangalia uso wa kaka yake ulivyoiva, akaniita nje.

"Shemeji, unataka kumuua kaka yangu kwa vifungo?"

"Ameongea, shemeji. Umemsikia."

"Nimemwona pia. Presha ngapi?"

"Mia hamsini." Sikumwangalia.

"Mia hamsini." Akarudia taratibu, kama fundi friji anayeambiwa friji halijaguswa. "Haya."

Dada, nimemwona mtu mbaya siku zote. Kila akija anahesabu vidonge kama mimi ni mtoto. Lakini aliyedanganya leo ni mimi, na nimesali jioni bila kulitaja hilo, kana kwamba Mungu naye anasoma daftari la kliniki.

Ijumaa, 11 Aprili

Naandika nikiwa benchi la hospitali. Utaniwia radhi kwa mwandiko.

Tulianza saa tisa alasiri. Mvua ilikuwa kubwa mpaka tunapaza sauti. Wananchi walikuwa na vifungo vinne, wafanyabiashara vitatu. Kadi ilikuwa ya daraja: wananchi wanataka wavuke wapendavyo, wafanyabiashara wanasema wao ndio waliolijenga, anayevuka awape mzigo mmoja katika kila kumi. Mama Pacha alikuwa na mdomo leo. "Malkia, hawa watatudai mpaka kivuli chetu kikivuka."

Nikaona baba anakaa wima. Mshipa ukasimama. Ilikuwa wakati wa kuwapa wafanyabiashara kidogo, nilijua kabisa. Lakini nilitaka neno moja tu zaidi, dada. Moja tu. Nikasema, "Daraja ni la wananchi." Nikachomoa kifungo.

Akapiga meza kwa mkono wa kushoto, akasimama. Akasimama mwenyewe, na fimbo iko ukutani. Na ile sauti ikatoka. Si ya kutafuta neno. Ile ya mnadani, ya juu ya kreti.

"Daraja! Daraja hili hapa, la mawe, la nguvu, nani atasema, nani ataongeza, yule mama pale, yule bwana pale, usiniangalie hivyo, angalia mzigo, mara ya kwanza..."

Mama Pacha alikuwa anacheka huku machozi yanamtoka. Mimi nilisimama nimeshika kifungo. Miezi minne nilikuwa naiomba sauti ile.

"Mara ya pili..."

Akanyamaza. Macho yakatafuta kitu juu ya kichwa changu. Kisha goti likakunjika, akaanguka juu ya meza, mabakuli yakaenda, akateleza mpaka chini. Upande mmoja wa uso umelegea.

Sikupiga kelele. Nilikaa sakafuni nikakiweka kichwa chake mapajani nikamwambia Mungu, chukua sauti, niachie mtu. Nililisema hilo mara nyingi, dada. Nilijaribu kufanya biashara na Mungu, na mimi ndiye malkia wa kunyima.

Mama Pacha ndiye aliyempigia shemeji. Alikuja mbio, gari kaliacha ng'ambo ya bonde. Maji yalikuwa kiunoni. Akamgeuzia kaka yake mgongo, tukampakia, akamfunga kwa kanga yangu kama mtoto, akaingia majini. Mimi nyuma nimeshika miguu. Katikati ya maji nikamsikia anazungumza naye kwa sauti ndogo: "Kaka, shika. Kaka, usilale. Ulinibeba hivi hivi nikienda shule, unakumbuka? Shika basi." Anazungumza na kulia, mtu yule niliyemwita askari.

Nikamwambia pale pale majini. "Shemeji, presha ilikuwa mia na sabini na tano. Nilikudanganya."

"Nilijua," akasema. "Vuta miguu, inaburuta."

Jumapili, 13 Aprili

Daktari amesema si kiharusi kamili. Damu ilizibika kidogo ikafunguka yenyewe, uso umerudi mahali pake. "Hilo lilikuwa onyo, mama." Amebadilisha dawa. Mchezo amesema basi kwa sasa, mpaka amwone tena.  Shemeji angenigombeza ningepumua.

Jumatano, 16 Aprili

Nyumbani. Presha mia na arobaini. Kumbe.

Jumatatu, 21 Aprili

Mia na thelathini na nane. Kumbe.

Jumanne, 29 Aprili

Mia na arobaini. Mvua haijakata siku nne. Mama Pacha anakuja, anakaa kigodani, hana la kusema. Mama Pacha, dada, hana la kusema. Nilimwona mwanamke wa maneno mengi tu. Leo kapiga pasi mashati yote ya baba bila kuombwa, akaondoka.

Jumanne, 6 Mei

Mabakuli nilikuwa nimeyaficha kwenye pipa la unga. Leo nimetoka kutafuta kuni nikamkuta baba sakafuni jikoni, mkono wa kushoto mweupe mpaka kiwiko, mabakuli yote mawili mbele yake. Amefika pale kwa kutambaa. Nilimfuta unga nikamwambia, "Daktari kakataza, baba. Unanielewa?" Akaniangalia muda mrefu. Hata kumbe hakusema.

Ndani ya nyumba sasa pako salama na kimya. Nilichoomba sakafuni nimepewa. Na naogopa kuliko siku ile, maana naona anaondoka polepole na mashine inaonyesha namba nzuri.

Jumatano, 14 Mei

Kliniki. Mimi, shemeji, daktari, na mwalimu wa matamshi kaja kusimama mlangoni. Baba kwenye kiti cha magurudumu, tukamweka karibu na dirisha.

Mwalimu akasema maneno ya mgonjwa yamerudi nyuma. Daktari akasema namba ni nzuri. Shemeji akasema, "Mimi afadhali kaka yangu awe bubu na awe hai." Mwalimu akasema, "Na yeye?" Daktari akasema hatari haiwezi kupuuzwa. Mwalimu akasema na ukimya nao ni ugonjwa. Wakabishana kwa adabu. Kisha daktari akanigeukia. "Mama, wewe ndiye unaishi naye. Unaamuaje?"

Nikaangalia pande zote mbili kama kawaida yangu. Nilikuwa tayari kusema, tuache. Nilikuwa nimefungua mdomo.

"Niulizeni."

Sote tukageuka.

"Niulizeni... mimi."

Kiti tulikuwa tumekielekeza dirishani, dada, hata uso hatukumgeuzia kwetu. Daktari mwenyewe akainuka akakigeuza. Akachuchumaa mbele yake.

"Mzee, mchezo unakupandisha presha. Unaweza kuanguka tena, na safari hiyo usiinuke. Unaelewa?"

"Naelewa."

"Unataka tufanye nini?"

Mshipa ulisimama, nikafumba macho.

"Nataka... kugombana. Na mke wangu."

Mwalimu akacheka kwanza, kisha daktari. Shemeji alikuwa amegeukia ukuta, mabega yanatikisika, na hakuwa anacheka.

Daktari ameandika masharti: dawa mpya, kupima kabla ya kucheza, ikizidi mia na sitini tusianze, na nusu saa tu. Na niandike namba zote mbili. Aliponiambia hilo la mwisho alinitazama. Nadhani shemeji alimweleza.

Alhamisi, 15 Mei

Mvua imekata. Bonde limebaki matope, na mama mmoja anasafiri kesho kuja upande wenu, nimpe daftari.

Leo baba hakulala mchana. Amepanga mabakuli kwa mkono mmoja, vifungo kumi kumi, kaanza upya. Shemeji kaja na buti zake, kasema yeye atakuwa mwananchi wa pili ili amwone kwa karibu. Mama Pacha amejibu kwamba wananchi hawapokei watu wa kuletwa na serikali. Wanabishana mlangoni hadi sasa ninapoandika.

Nimempima. Mia na hamsini na nane. Nimempima tena. Mia na hamsini na nane. Nikwambie kweli nisiyoweza kumwambia mwingine: mara ya pili niliomba izidi, Mungu anisamehe, ili nipate sababu ya kukataa bila kuwa mimi niliyekataa. Haikuzidi. Kaniona, dada. Alikuwa ananiangalia mimi, si mashine. Akaniambia taratibu, bila umalkia wala ufanyabiashara, "Unaogopa." Nikamwambia ndiyo, sana. Akasema, "Mimi pia." Kisha akavuta kiti changu kwa mguu mzuri.

Nakwenda kukaa. Nitamkatalia daraja, na nitaangalia uso wake wote, si mshipa peke yake. Kama nakosea, nataka kuambiwa na mtu aliyenilea. Usipige simu, anasikia. Niandikie, hata mistari mitatu, na unijibu mapema.

Mdogo wako